Jukwaa la Wanaokimbia: Rai Kuhusu Tamthilia ya Kimajaribio Kitui na Makueni

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Tamthilia ya Kiswahili nchini Kenya, hata hivyo, imemuenzi zaidi shujaa anayebaki. Katika Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mwelusi anamkabili mtemi Bokono hadi anapouawa na nduguye mwenyewe. Katika Kigogo ya Pauline Kea, Tunu anaumizwa na wahuni lakini haliachi jimbo la Sagamoyo. Kazi hizi mbili zimewahi kutahiniwa katika shule za upili, na vijana wengi wamejifunza kupitia kwazo kwamba dhuluma hujibiwa kwa kusimama imara. Funzo hilo ni jema, ila lina pengo. Anayeukimbia utawala dhalimu naye ameutolea hukumu. Amesema kwa miguu yake kwamba nchi haikaliki. Hukumu hiyo inastahili jukwaa.

Pengo lenyewe hupanuka wakimbizi wanapokuwa wanawake. Mwaka 1982, serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipowaandama wasomi, Micere Githae Mugo, mwandishi mwenza wa The Trial of Dedan Kimathi na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alilazimika kuikimbia Kenya pamoja na mabinti zake wawili wadogo. Aliishi Marekani na Zimbabwe, akapokonywa uraia wa Kenya, na kuaga dunia mwaka 2023. Historia ya fasihi humtaja mama huyo kwa heshima anayostahili. Dada wale wawili, waliotwikwa uhamisho kabla ya kuijua siasa, ni nadra kukumbukwa.

Suala la dada wanaokimbia si geni katika sanaa ya maigizo. Aeschylus wa Ugiriki ya kale, katika tamthilia ijulikanayo kwa Kiingereza kama The Suppliants, aliwasawiri mabinti hamsini wa Danaus wanaotoroka Misri hadi Argos, wakikataa kuozwa kwa nguvu kwa binamu zao. Upekee wa kazi hiyo ni kwamba korasi ndiyo mhusika mkuu. Dada wale huzungumza, huimba na kuomba hifadhi kwa sauti moja. Mfalme wa Argos naye hathubutu kuwapokea kabla ya kuwauliza raia wake, nao raia huamua kwa kuinua mikono.

Ni bayana kwamba muundo wa aina hiyo haupati nafasi katika maigizo yaliyozoeleka, yenye sebule, meza na pazia. Mkimbizi hana sebule. Ndiyo maana majaribio ya kimuundo yanahitajika, nayo Kitui na Makueni yana hazina ya kuyawezesha. Wakamba wana kilumi, ngoma ya kiibada ambayo wanawake ndio nguzo yake: mmoja huanzisha wimbo, kundi huitikia, nao mdundo huutawala mwili. Ngoma za kupagawa zilipoenea Ukambani mwaka 1911, wakoloni waliziona kuwa tishio kwa utawala, wakazikandamiza na kuwahamisha viongozi wake. Aidha, mwaka 1938, wakazi wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, walitembea hadi Nairobi, wanawake kwa wanaume, kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao kwa lazima. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu. Watu hawa wanajua vyema kwamba mwendo ni kauli.

Kwa hivyo, makala haya yanapendekeza tamthilia isiyokaa mahali pamoja. Dada na waanzie safari yao katika soko la Kitui, waendelee Mutomo na Ikutha, wavuke mto Athi, kisha wawasili Kibwezi. Kila kituo kiwe onyesho moja. Dada wazungumze Kiswahili, lugha ya msafiri anayeomba maji kwa asiowajua. Korasi ya wenyeji iitikie kwa Kikamba. Huko Kibwezi, hadhira ndiyo iwe raia wa Argos, iinue mikono kuamua kama wageni hawa watapokewa au watarudishwa. Hapo mtazamaji hatapata fursa ya kupiga makofi na kwenda zake, kwa maana mkono wake utakuwa umeshiriki.

Wapo watakaodai kwamba majaribio ya namna hii ni uigaji wa kigeni usioeleweka vijijini. Dai hilo lina udhaifu. Ebrahim Hussein alitumia upungaji wa pepo katika Mashetani tangu mwaka 1971, na kazi hiyo ingali inasomwa. Hoja nzito zaidi ni kwamba kilumi ni ibada, wala si pambo. Hoja hii haina budi kuheshimiwa: wasanii waazime muundo wa wito na mwitikio kwa idhini ya akina mama wanaoujua, na ibada yenyewe waiache mahali pake.

Kikwazo halisi ni mtihani. Makundi yanayozuru shule za upili huigiza vitabu teule kwa sababu ndivyo vinavyotahiniwa, na tamthilia isiyo na maswali ya dondoo haimpatii mwigizaji nauli. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni ndivyo vinavyoweza kuivunja pingu hii, kwa kuwa havitafuti faida katika maonyesho yao.

Atakayeuliza iwapo jambo hili lina uzito leo na akumbuke Nakuru, Aprili 2025. Wanafunzi wa Shule ya Wasichana ya Butere, waliotarajiwa kuigiza Echoes of War ya Cleophas Malala, waliimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza, huku polisi wakiwa wamewarushia watu vitoa machozi. Wasichana wale hawakutamka hata neno moja la tamthilia yao, lakini nchi nzima iliwaelewa. Ikiwa kuondoka kwa dakika chache kulisema mengi kiasi hicho, basi safari nzima ya dada kutoka Kitui hadi Kibwezi inaweza kuwauliza Wakenya swali ambalo vitabu teule havijawauliza: akija anayekimbia, mkono utainuliwa?