Mfinyanzi Hulia Gaeni

Wahenga walisema: mfinyanzi hulia gaeni. Sisi walimu wa Kiswahili huwafundisha watoto methali hii kila mwaka. Huwaeleza maana yake ya nje na ya ndani, kwamba anayewatengenezea wenzake vyombo vizuri, mwenyewe hulia katika kipande kilichovunjika. Kisha hufuta ubao, tukaenda zetu nyumbani. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba methali hiyo imetugeukia sisi wenyewe, watu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia mto Ruvuma hadi visiwa vya Kirimba. Na kwamba lawama iliyo kubwa si ya wageni, bali ni yetu.

Miaka michache iliyopita nilialikwa chai mjini Pemba, yaani mji mkuu wa jimbo letu, wala si kisiwa cha Pemba cha Zanzibar. Mwenyeji wangu alikuwa mtu wa Ulaya ya Kaskazini, muungwana, ambaye tangu ujanani amekuwa akikusanya vyombo vya udongo vya kwao. Vichache alivyosafiri navyo alikuwa amevipanga juu ya rafu. Aliteremsha kibakuli kimoja, akakipindua, akanionyesha kitakoni mkono mdogo uliochorwa, ambao ndio alama ya karakana ya Gustavsberg ya Uswidi. Kando ya alama ile palikuwa na jina la mfinyanzi, Berndt Friberg, na herufi inayotambulisha mwaka chombo kilipofinyangwa. Akanisimulia habari za mtu huyo kama anayesimulia habari za mjomba wake.

Sakafuni, chini ya rafu ile, palikuwa na mtungi wa maji wa pwani yetu, begani umezungushiwa mistari ya kuchanja. Nikamwuliza, "Na huu je?" Akanijibu, "Huu ni mtungi wa Kiafrika tu, niliununua njiani."

Nilighadhibika. Lakini kabla sijapata neno la kumwambia, aliniuliza kwa adabu: "Mwalimu, wewe ni mwenyeji. Mitungi hii hufinyangwa na nani? Na mistari hii ina jina gani?" Nikanyamaza. Ghadhabu yangu ikageuka haya, kwa maana sikuwa na jibu.

Tusiwacheke wakusanyaji hao. Wapo wanaonunua kwa majivuno, na wapo wanaonunua ili wauze kwa faida. Lakini tuwape haki yao. Karakana ya Rörstrand ilianzishwa mwaka 1726, ya kifalme ya Copenhagen mwaka 1775, na ya Arabia mjini Helsinki mwaka 1873. Habari za karakana hizo zimeandikwa: nani alikuwa msanii mkuu na mwaka gani, umbo lipi lilibuniwa na nani, rangi ipi ilichomwaje. Twajua kwamba Wilhelm Kåge aliingia Gustavsberg mwaka 1917, na kwamba Stig Lindberg alishika nafasi yake mwaka 1949. Mwanamke Nathalie Krebs, aliyesimamia karakana ya Saxbo ya Denmark hadi ilipofungwa mwaka 1968, anatajwa kwa heshima kwa ujuzi wake wa kuviremba vyombo kwa ule mng'ao wa kioo. Watu wa huko wameuthamini udongo kwa sababu kwanza walimthamini aliyeufinyanga.

Pengine mtu atasema kwamba hata huko wapo waliopinga ibada ya majina. Ni kweli. Kaj Franck wa Ufini, aliyebuni vyombo vya Kilta vilivyotolewa na Arabia mwaka 1953, alipinga desturi ya kuuza chombo kwa jina la msanii. Alitaka kisifiwe kwa manufaa yake. Lakini Franck alilikataa jina akiwa nalo. Bibi yetu wa pwani hakuulizwa jina lake hata mara moja. Yule ni mnyenyekevu, na huyu amenyimwa. Mambo haya mawili hayalingani hata kidogo.

Sasa tujitazame. Kasumba ya kuthamini kinachong'aa ni ya zamani kwetu. Mabwana wa miji ya pwani walipachika mabakuli ya sini katika nguzo za makaburi yao, kama inavyoonekana Kunduchi na Mambrui. Huko Lamu walijenga zidaka ukutani ili kuvionyesha vyombo vyao. Katika karne ya 19 yaliingia mabakuli ya Maastricht yenye maua, nayo yakatiwa kabatini. Sina ugomvi na uzuri wa vyombo hivyo. Ugomvi wangu ni na hesabu tuliyoifanya: cha mgeni ni mapambo na ni historia, cha bibi ni cha jikoni.

Hesabu hiyo ilitugharimu sana. Wataalamu wa kwanza waliochimba magofu ya pwani, akina James Kirkman huko Gede na Neville Chittick huko Kilwa, walizipanga tarehe za miji kwa kufuata vyombo vilivyotoka ng'ambo. Wengi wa kizazi kile waliamini kwamba miji yenyewe nayo ilitoka ng'ambo. Lakini katika magofu mengi ya pwani vigae vya kigeni havizidi vitano katika kila mia. Vinginevyo vyote ni vya udongo wa hapa hapa, vilivyofinyangwa kwa mkono na kuchomwa kwa moto wa wazi. Vigae hivi visivyong'aa ndivyo vilivyokuja kuwasuta waongo. Mwaka 1994 Felix Chami, Mtanzania, alionyesha katika tasnifu yake kwamba vyungu vyenye michoro ya pembetatu, vya milenia ya kwanza, vilikuwa kazi ya wakulima na wafua chuma wa Kibantu waliokuwa wakiishi pwani. Vyungu vya namna hiyo vimeonekana kuanzia Kenya hadi Chibuene, kusini ya Msumbiji. Kuhusu pwani yetu wenyewe, Ricardo Teixeira Duarte alitoa mwaka 1993 kitabu juu ya kaskazini ya Msumbiji katika ulimwengu wa Waswahili, kazi iliyotokana na ushirikiano wa wataalamu wa Msumbiji na wa Uswidi. Tazameni kinaya hiki, ndugu zangu! Watu wa nchi ile ile ya Gustavsberg walisaidia kuvihesabu vigae vya bibi zetu, na sisi tulikuwa tukivikanyaga.

Wala tusidhani kwamba kinachong'aa kilibaki mikononi mwetu. Karibu na Ngome ya San Sebastian, katika Kisiwa cha Msumbiji kilicho kusini yetu, kampuni ya kigeni yenye kibali iliyatoa baharini mabaki ya meli ya Kireno inayodhaniwa kuwa Espadarte, iliyozama mwaka 1558. Ndani yake mlikuwamo sini ya enzi ya Ming. Baadhi ilibaki nchini. Nyingine ilipigwa mnada Amsterdam mwezi Mei 2004. Hivyo sini tuliyoitukuza ikauzwa, na udongo tulioudharau ukapotea. Tumekosa yote mawili.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba mwenye njaa hali urithi. Nakubali. Mvuvi anayemwuzia mtalii kigae au ushanga aliouokota ufuoni simlaumu. Ana watoto wa kulisha. Namlaumu mchuuzi anayemtuma kuchimbua, naye anajua kwamba Sheria Namba 10/88 ya Msumbiji, ya Desemba 1988, inalinda mali ya utamaduni pamoja na mabaki ya kale. Kigae kikiachwa mahali pake ni shahidi. Kikichimbuliwa na kutiwa mfukoni ni jiwe tu.

Jibu la pili ni kwamba chombo chetu si sanaa, maana ni cha moto mdogo, hali vyombo vya Ulaya huchomwa kwa nyuzi 1200 na zaidi. Huu ni ujinga uliovaa joho la elimu. Mtungi wetu hupitisha maji kidogo kidogo katika ngozi yake, yale maji yakikauka kwa upepo huuchukua moto wa yaliyomo, na aliye na kiu hunywa maji baridi katika jua la Desemba. Chombo kilichochomwa hadi kikawa kama kioo hakiwezi kazi hiyo. Tena mfinyanzi wetu huinua kuta za mtungi bila gurudumu, akazisawazisha kwa ganda la kombe au kipande cha kibuyu, akazing'arisha kwa kokoto. Na mviringo ukatimia. Anayesema hii si sanaa na ajaribu yeye.

Jibu la tatu ndilo linalonitisha: kwamba haraka ya nini, tutaandika siku nyingine. Siku ipi? Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, vita vimewatawanya watu wa jimbo hili kwa mamia ya maelfu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilizibomoa nyumba za Ibo. Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, habebi mtungi. Na bibi aliyejua udongo mzuri unachimbwa kwenye bonde lipi, unachanganywa na mchanga kiasi gani, na kuchomwa majira gani, akifika ugenini huwa amelipoteza bonde lake. Akifa huko, hafi peke yake.

Maneno nayo yanakufa. Hili ni letu sisi walimu, wala hatuwezi kumsukumia mtu mwingine. Chungu, nyungu, mkungu, kibia, kaango, chetezo: ni wanafunzi wangapi wanaoweza kuvitofautisha? Waulizeni mtungi ni nini. Wengi watawajibu kwamba ni ule wa gesi. Na Palma, mji ambao jina lake limevuma duniani kwa sababu ya gesi iliyogunduliwa baharini mwaka 2010, kuna hatari mtungi wa maji ukawa kitendawili kisicho na mteguzi.

Basi tufanye nini? Sipendekezi jumba la makumbusho, maana tutalingoja hadi ndevu ziote mvi. Napendekeza daftari. Kila mwalimu wa Kiswahili wa pwani hii, na kila mwenzetu wa Mtwara na Lindi anayewapokea wakimbizi wa ng'ambo ya Ruvuma, amtafute mfinyanzi mmoja. Aandike kwanza jina lake, na jina la aliyemfundisha. Kisha aandike kijiji alikotoka. Jina la kila chombo kwa Kimwani, kwa Kimakwe, kwa Kimakonde na kwa Kiswahili. Jina la kila mstari na maana yake, kama inayo. Na kazi ya chombo, jikoni, harusini au msibani. Wanafunzi wafanye kazi hiyo kama insha, nasi tuzichapishe insha hizo katika kurasa hizi. Na mwenye kutaka kununua mtungi, anunue kwa mfinyanzi mwenyewe, kwa bei ya haki, akimwomba atie alama yake kitakoni kabla udongo haujakauka.

Yule mwenyeji wangu wa Pemba nilimrudia baada ya miezi kadhaa. Nilimletea karatasi yenye jina la mama mmoja, la mama yake aliyemfundisha, na la kijiji chao. Hakuwa mfinyanzi wa mtungi ule. Wa ule hatukumpata kamwe. Lakini aliutazama, akaniambia kwamba mkono ulioufinyanga ni wa mtu mzima, kwa kuwa bega la mtungi halikusitasita. Mwenyeji wangu akauinua kutoka sakafuni, akauweka juu ya rafu.

Udongo uwahi uli maji, walimu wenzangu. Ukishakauka, haupokei jina.