Tara Moore na nyama ya Bogotá: juu ya nini kujitetea kunakuwa kugumu zaidi kwa mchezaji wa chini

Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka wa 2025, tribinali ya michezo ya Lausanne kule Uswisi, ile ambayo wapenzi wa mpira wanaijua kwa jina la TAS, ilimpa Tara Moore adhabu ya miaka minne bila kucheza. Moore ni mchezaji wa tenisi wa Uingereza. Mwaka mmoja na nusu mbele ya pale, mwezi wa kumi na mbili 2023, tribinali ingine ya kujitegemea ilikuwa imesema kwamba hana kosa. Mkojo ni ule ule, mchezaji ni yule yule, lakini majibu ni mawili tofauti.

Dosie hii haikupigiwa kelele sana, kwani Moore si jina kubwa. Lakini hapo njo inafaa kuitazama vizuri.

Mchezaji wa viwanja vidogo

Tara Moore alizaliwa Hong Kong mwaka wa 1992. Hakuwahi kuwa nyota. Katika mchezo wa mtu mmoja mmoja, hakuingia kati ya 100 wa kwanza duniani. Mwaka wa 2016 alipewa nafasi ya mwaliko ku Wimbledon, akamshinda Alison Van Uytvanck wa Ubelgiji, kisha akatolewa na Svetlana Kuznetsova wa Urusi.

Mwaka ule ule wa 2016, watu wengi walisikia jina lake juu ya mchezo mmoja wa mashindano madogo ku Sunderland, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa amepoteza seti ya kwanza 6-0, na ya pili alikuwa nyuma 5-0. Mpinzani wake Jessika Ponchet wa Ufaransa alikuwa anakosa pointi moja tu ya kumaliza. Moore hakuachilia. Alirudi akashinda seti hiyo, kisha ya tatu, na mchezo wote.

Kisha alipata mkate wake zaidi katika mchezo wa wawili wawili. Mwaka wa 2022, alikuwa kati ya 100 wa kwanza duniani na namba moja wa Uingereza kwa wanawake wa mchezo huo. Ni maisha ya ndege, hoteli na koshi, na mchezaji wa ngazi hiyo analipa sehemu kubwa kutoka mfuko wake. Asipocheza, hapati kitu.

Nini ilitokea Bogotá

Mwezi wa nne 2022, Moore alikuwa Bogotá, mji mkuu wa Kolombia. Yeye na mwenzake Emina Bektas wa Marekani walifika fainali, wakaishindwa kwa pointi chache. Pale pale, wapimaji walichukua mkojo wake. Labo ilikuta alama za vitu viwili vilivyokatazwa, boldenoni na nandroloni. Vyote viwili ni dawa za kukuza misuli. Watu wengine wanazitumia pia kwa mifugo, ili wanyama wanenepe haraka.

Habari ilimfikia mwisho wa mwezi wa tano, wakati mashindano ya Roland-Garros yalikuwa yanaendelea ku Paris. Alisimamishwa palepale. Yeye alisema tangu mwanzo kwamba hajawahi kutumia dawa yoyote kwa kujua, na kwamba chanzo ni nyama aliyokula Kolombia.

Alingoja miezi 19. Katika tenisi, pointi za mchezaji zinaishi wiki 52 tu, kisha zinafutika. Hii ni kusema, siku tribinali ya kwanza ilipokubali maelezo ya nyama na kumwachilia, hakuwa na nafasi yoyote tena kwenye orodha ya dunia. Alianza kutoka chini kabisa mwaka wa 2024.

Na hata hapo dosie haikufungwa. Shirika la kimataifa linalochunga usafi wa tenisi, ITIA, lilikata rufaa ku TAS juu ya nandroloni. Waamuzi wa TAS, kwa wingi wa sauti, walisema Moore hakuweza kuonyesha kwamba kiasi kilichokutwa katika mkojo wake kinaweza kutoka kwa nyama. Basi miaka minne, wakitoa ile miezi 19 aliyokwisha kukaa nje. Ukihesabu, inaanguka karibu na mwisho wa 2027. Atakuwa na miaka 35.

Sheria inasema nini

Ku tribinali za kawaida, mwenye kushitaki njo analeta ushahidi. Katika dosie za dopaji, yaani matumizi ya dawa za kuongeza nguvu, mambo yamegeuzwa. Kila mchezaji anajibu juu ya kile kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hajui kiliingia namna gani. Kwa dawa za kukuza misuli, adhabu ya kuanzia ni miaka minne. Kama anataka ipunguzwe, ni yeye anapaswa kuonyesha kwamba hakufanya kwa kusudi.

Sheria hii ina sababu yake. Bila hiyo, kila mdanganyifu angesema tu «ni chakula», na hakuna mtu angeadhibiwa. Wachezaji safi wanaibiwa vikombe na feza na wale wanaodanganya, na wao pia wana haki ya kulindwa. Lakini sheria hii inadai kitu kimoja: mchezaji aweze kupata chanzo, na akipate haraka.

Sinner na Swiatek

Mwezi wa tatu 2024, Jannik Sinner wa Italia alikutwa mara mbili na klosteboli, ambayo pia ni dawa ya kukuza misuli. Ekipi yake ilipata maelezo kwa masiku machache: mtu aliyekuwa anamkanda mwili alikuwa amejipulizia dawa ya kidonda kwenye kidole. Kusimamishwa kuliondolewa haraka, akaendelea kucheza, na watu walijua habari hiyo mwezi wa nane tu, wakati alikuwa tayari namba moja wa dunia. Tribinali ilisema hana kosa. Shirika la dunia la kupiganisha dopaji, AMA, lilikata rufaa, kisha mwezi wa pili 2025 wakapatana juu ya miezi mitatu.

Iga Swiatek wa Poland alikutwa na trimetazidini mwaka wa 2024. Chanzo kilikuwa kidonge cha kumsaidia kulala, kilichochafuliwa huko kilikotengenezwa. Alipata mwezi mmoja.

Moore mwenyewe aliandika, Sinner alipoachiliwa, kwamba inaonekana ni sura ya wachezaji wa juu tu inayolindwa, na kwamba tribinali ya kujitegemea inaaminika kwa wakubwa, lakini kwake yeye inatiliwa mashaka. ITIA kwa upande wake inasema kila dosie inahukumiwa kwa mambo yake yenyewe, hairukii rufaa ovyo, na wataalamu wake waliona kiasi cha nandroloni kilikuwa kikubwa kuliko maelezo aliyotoa.

Wote wawili wanasema kitu cha kweli, na hapa kuna tofauti ambayo haionekani haraka. Sinner alikuwa na dawa ya kupulizia: inaweza kushikwa mkononi, na jina la klosteboli limeandikwa juu yake. Swiatek alikuwa na vidonge: vinaweza kupelekwa ku labo. Moore alikuwa na sahani ya nyama iliyoliwa zaidi ya mwezi mmoja mbele ya kupata habari, katika inchi ambayo alikuwa ameshaiacha. Ushahidi wake ulikuwa umekwisha kumezwa.

Tena kuna swali la feza. Namba moja wa dunia ana avoka, daktari na mtaalamu wa sayansi ambao wanaanza kazi usiku ule ule. Mchezaji wa wawili wawili anawatafuta na kuwalipa wakati hana tena ruhusa ya kucheza, maana yake wakati hapati mapato.

Haya yote hayasemi kama Moore alitumia dawa ao hapana. Tribinali mbili hazikukubaliana, na hata ndani ya TAS sauti zilitofautiana. Lakini yanaonyesha kwamba sheria moja inaweza kuwa na uzito tofauti kwa watu tofauti. Kitu kimoja kingeweza kubadilishwa bila kulegeza vita dhidi ya dopaji: majibu ya labo yafike mapema, wakati mchezaji bado anaweza kurudi ku restora, ku bucheri na ku farmasi kutafuta chanzo. Na kama shirika linamdai mchezaji alete wataalamu, awepo mtu wa kumsaidia kuwalipa.

Ku Sunderland, Moore alirudi kutoka pointi ya mwisho kwa sababu mpira ulikuwa bado unachezwa. Safari hii, sehemu kubwa ya mchezo ilikuwa imekwisha kuchezwa mbele yeye hajajua kama kuna mchezo.