Ukiuza Udi, Sema na Ila Zake

Mwezi jana naliitwa katika nyumba moja ya Mji wa Kale, hapa Mombasa, na mjane wa mpiga udi ambaye wengi wenu, wasomaji wangu, mmepata kumsikia harusini hata kama jina lake hamkulijua. Eda ilikuwa imekwisha, madeni ya marehemu yamelipwa, na mirathi ilikuwa bado kugawanywa. Chini ya kitanda mlikuwa na udi, umefungwa ndani ya leso mbili.

"Mwanangu," akaniambia Bi Mkubwa, "maneno yako mume wangu aliyapiga miaka mingi. Nitafutie mnunuzi, na bei usinifiche."

Sikutoka mlangoni ila nalikutana na maneno ya watu. Jirani mmoja akaniuliza ati sioni haya, mshairi mzima, kuwa dalali wa turathi zetu. Neno hili turathi siku hizi limekuwa jepesi mno vinywani. Anayelitamka mara nyingi ni mtu ambaye hajapata kununua hata tikiti ya taarabu, naye humwambia mjane asiuze, kisha akaenda zake nyumbani kula.

Udi wenyewe ulifikaje kwetu? Ulikuja kama bidhaa, pamoja na mazulia na tende. Kwa upande wa Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, ndiye anayetajwa kwamba alivutiwa na muziki wa Misri hata akampeleka Mohamed Ibrahim huko akajifunze ganuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Lamu nako palikuwa na kibangala, nduguye udi, kabla ya nyudi kubwa za Kairo kuenea. Katika yote hayo mtu alitoa fedha na mtu akapokea. Hata jina ni la Kiarabu, na maana yake ni mti tu. Ndilo jina lile lile la mti tunaoutia chetezoni kufukizia nguo. Basi mimi sioni aibu katika kuuza. Aibu naiona katika kuuza kwa giza.

Nalimwendea mpiga udi mmoja mzee, nikamwomba aje autazame. Alikaa nao saa nzima. Kwanza aliuinua akachungulia ndani kupitia tundu la uso, akasoma karatasi ya fundi: warsha ya Kairo. Akasema karatasi isitutie wazimu, kwani karatasi hubandikwa na yeyote mwenye gundi. Mti ndio wa kuulizwa. Akagonga uso kwa kidole, mahali mahali, akisikiliza. Akalaza jicho juu ya shingo kama seremala apimaye ubao. Shingo ilikuwa imeinama kidogo, na nyuzi zimepanda juu, kwa sababu miaka yote ile hakuna aliyezilegeza. Udi una nyuzi 11, jozi 5 na mmoja peke yake, na zote huvuta usiku na mchana, apige mtu asipige. Nyuzi nene, zile zilizozungushiwa waya, zilikuwa zimeliwa na hewa ya chumvi.

Lakini lililomkunja uso lilikuwa nyuma. Tumbo la udi huungwa kwa mbavu nyembamba za mbao, na gundi ya kale hupikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi ile hulegea kwa joto na unyevu, na pwani yetu masika haikosi. Ila kulegea kwake ndiyo rehema yake, maana fundi aweza kuifungua, akatengeneza, akaifunga tena. Ubavu mmoja wa udi wa marehemu ulikuwa umebanduka, na mtu fulani akaushika kwa gundi nyeupe ya makabati. Gundi hiyo haifunguki vizuri. Fundi wa kesho atalazimika kukwangua na kuvunja.

Enyi mlio na udi wa baba au babu uvunguni, kuanzia Lamu mpaka Vanga, nawasihi: legezeni nyuzi leo. Msiupake vanishi ung'are. Msimpe seremala wa vitanda. Na kabla ya kutaja bei, muiteni mpigaji autie mkononi.

Mkubwa wa vijana wa marehemu akauliza kama ule ubavu tusingeweza kuunyamazia. Nikakumbuka chuoni. Mwalimu wetu, alipotufikisha mlango wa biashara, alitusimulia jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyopita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta chini ni majimaji, akamkemea mwenyewe kwa kuficha. Sisi watoto tulicheka, tukimfikiria muuza mahindi wa mtaani kwetu. Sasa nakaribia miaka 60 na sicheki tena. Nikaandika ila zote katika karatasi: shingo, nyuzi, ubavu, gundi. Kijana akatia sahihi, kwa kununa.

Akaja na ami yao. Yeye alisema fedha ya ala za nyuzi ni haramu, udi uvunjwe ukawe kuni. Kuhusu ala wanazuoni wamehitilafiana tangu karne na karne, na katika madhehebu yetu wenye kukataza ni wengi na wana hoja zao. Mimi si mufti, nami sikubishana naye. Lakini naliona ajabu kwamba katika miaka yote ambayo udi ule ulimlipia nduguye kodi na karo za watoto, yeye alikuwa akila pilau pale pale. Isitoshe, marehemu ameacha watoto wa kiume, hivyo ndugu hana fungu.

Wanunuzi wakawa wawili. Wa kwanza ana nyumba ya wageni. Alitoa shilingi 80,000 taslimu. Nikamsomea karatasi ya ila, akanikatiza: "Hizo hazinihusu, sitaupiga. Utakaa ukutani, juu ya kochi." Wa pili ni kijana wa hapa hapa, mpiga udi wa harusi, anayepiga kwa udi wa kuazima. Yeye karatasi aliisoma mara mbili, akaugeuza, akapapasa ule ubavu, kisha akaufunga nyuzi mpya alizokuja nazo mfukoni. Alipopiga, Bi Mkubwa aliinuka akaenda jikoni, na hakuna aliyemfuata. Kijana huyo uwezo wake ulikuwa shilingi 60,000, nusu sasa, nusu baada ya miezi mitatu.

Hapa ndipo naliposhikwa. Moyo wangu ulikuwa kwa kijana; udi uliotundikwa hauna tofauti na saa iliyosimama. Lakini je, nina haki gani ya kupendelea muziki kwa mali ya watu? Tena warithi ni mjane, vijana wawili wa kiume, na binti wa miaka 11. Mali ya yatima haiuzwi kwa hasara ili mshairi afurahi. Nikatoa kalamu. Kwa shilingi 80,000, mjane hupata thumuni, 10,000. Zinabaki 70,000: kila mwana 28,000, na binti 14,000. Nikawaambia yote mbele ya wote, na pendekezo sikulitoa.

Bi Mkubwa ndiye aliyelitatua. Akasema mtoto apewe 14,000 zake kamili, kana kwamba udi umekwenda ukutani, na zitolewe katika fedha ya kwanza. Yeye fungu lake amelisamehe lipungue. Mwana mdogo akakubali hapo hapo. Mkubwa alinyamaza siku mbili, naye ana deni la pikipiki, simlaumu. Siku ya tatu akanipigia simu: "Ami, mpeni yule kijana. Lakini mimi niwe wa kwanza kulipwa baada ya mtoto." Zilizosalia, 46,000, wakaafikiana kugawana kwa kadiri ya mafungu yao.

Makumbusho yana kazi yake, wala wenye kuta siwaombei mabaya. Ila sitamkubalia tena mtu anayeniambia kuwa kuna bei moja tu, ile kubwa, na anayeiacha ni mjinga. Nimeona nyumba ya watu wasio na kitu ikikaa, ikahesabu, ikaiacha kwa macho wazi, na mtoto hakudhulumiwa hata senti.

Kijana aliuchukua udi Alhamisi, katika leso zile zile mbili. Risha ya marehemu, kile kipande cha kupigia, ilikuwa imebaki mezani. Kijana alipoulizia, binti alikuwa ameikalia.