Shahada ya Kikorea: Atakula Nini?

Swali la Jumapili hii limetoka Kewanja, kijiji cha Nyamongo wilayani Tarime, kwa baba ambaye binti yake amemaliza kidato cha sita na kutamka nyumbani kwamba anataka kusomea lugha na utamaduni wa Korea mpaka apate shahada. Mama amenyamaza. Shangazi amecheka. Baba, ambaye angeuza ng'ombe bila kusita kwa ajili ya udaktari au uhandisi, anauliza neno moja tu: atakula nini?

Swali hilo halistahili kujibiwa kwa hotuba. Mzazi anayetoa ng'ombe zizini ana haki ya kujua anachokinunua. Basi tukitazame kwanza kitu chenyewe.

Wengi wetu tumeifahamu Korea ya Kusini kwa tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, kwa nyimbo za vijana na kwa simu za mkononi. Kwa hiyo binti akitaja Kikorea, jamaa hudhani kwamba ametekwa na tamthilia. Huenda ni kweli, na hakuna ubaya. Kila mwanafunzi huvutwa na kitu. Lakini darasani hakuna tamthilia. Kuna sauti tatu za "k" ambazo sikio letu husikia kuwa moja, kuna kitenzi kinachokaa mwisho wa sentensi daima, na kuna mifumo miwili ya kuhesabu, mmoja wa asili na mwingine uliotoka Uchina. Mkorea akitaja wakati, saa huzihesabu kwa tarakimu za asili na dakika kwa zile za Kichina. Jambo hilo lisitushangaze sana sisi tunaosema tano kwa Kibantu na sita kwa Kiarabu.

Mtoto wa Kewanja ana akiba asiyoijua. Amelelewa kwa Kikuria, akaanza shule kwa Kiswahili, akaingia sekondari kwa Kiingereza; Kikorea kitakuwa lugha yake ya nne. Neno letu "hatutawasahau" limebeba ukanushi, mtenda, wakati na mtendwa, vyote vimepangwa mbele ya kitenzi. Kikorea nacho hubebesha kitenzi mizigo mingi, ila huifunga nyuma. Aliyezoea maneno ya namna hiyo haoni ajabu. Tena, wako Wakuria waliochekwa shuleni kwa kusema "kurara" badala ya "kulala". Wakorea wana herufi moja kwa sauti hizo mbili, nao huhangaika vivyo hivyo wanapojifunza Kiingereza.

Na heshima? Mkorea hawezi kumaliza sentensi kabla hajajua anazungumza na nani, kwa kuwa kitenzi hubadilika kufuatana na umri na cheo cha msikilizaji. Msichana humwita kaka yake mkubwa "oppa", lakini mvulana humwita kaka huyohuyo "hyung". Binti aliyekulia mahali ambapo rika la mtu huamua amsalimu nani na kwa namna gani hatahitaji kufundishwa sababu; atafundishwa maneno tu.

Shahada ya namna hii ina historia pia, na hapo ndipo nadhani baba angefaa kukaa asikilize. Herufi za Wakorea, Hangul, zilibuniwa mwaka 1443 katika enzi ya Mfalme Sejong na kutangazwa mwaka 1446, ili watu wa kawaida walioshindwa na maelfu ya alama za Kichina waweze kuandika haja zao. Mabwana wasomi walizibeza kwa karne nyingi. Kisha Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, na katika miaka ya mwisho Kikorea kikaondolewa mashuleni. Mwaka 1942 wanachama wa chama cha lugha waliokuwa wakitunga kamusi walikamatwa, na wengine walifia gerezani. Muswada wa kamusi yao ulikutwa mwaka 1945 katika ghala la stesheni ya reli mjini Seoul. Taifa tunaloliona leo likiuza magari na filamu duniani lilikuwa, si zamani sana, likitafuta maneno yake ghalani. Mwaka 2024 mwandishi wao Han Kang alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, kwa vitabu alivyoviandika kwa Kikorea.

Turudi kwenye chakula. Mwaka 2022 Dar es Salaam ilifungua Daraja la Tanzanite, lililojengwa kwa mkopo wa Korea na kampuni ya Kikorea. Treni za umeme zenye injini katika mabehewa, zinazokwenda Dodoma kwa reli mpya, zilitengenezwa na Hyundai Rotem. Hospitali ya Mloganzila nayo ilijengwa kwa mkopo kutoka huko. Nyuma ya kila kazi ya namna hiyo kuna mikataba, vitabu vya matengenezo na mafundi wanaopaswa kuelewana. Kewanja hawahitaji kufundishwa somo hili: tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, wamekaa jirani na kampuni za ng'ambo, na wanajua tofauti kati ya mtu anayeisoma karatasi mwenyewe na mtu anayesomewa.

Hata hivyo nisimdanganye mzee wetu. Kazi zinazotaka Kikorea peke yake hapa nchini ni chache. Lugha hulipa vizuri zaidi inapofungamana na ujuzi mwingine: sheria, uhasibu, utalii, ufundi, au tafsiri iliyosomewa kwa dhati. Tafsiri tusiidharau. Deborah Smith, Mwingereza, alianza kujifunza Kikorea akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, baada ya kuona kwamba watafsiri wa lugha hiyo kwa Kiingereza walikuwa wachache. Mwaka 2016 riwaya ya Han Kang aliyoitafsiri ilipata tuzo ya kimataifa ya Booker, paundi 50,000, wakagawana nusu kwa nusu na mwandishi. Wapo waliomkosoa kwa makosa ya tafsiri, lakini mlango alikuwa ameufungua.

Kuna jambo jingine ambalo shangazi aliyecheka hulisikia mara chache. Katika Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, nchini Korea, Kiswahili kimefundishwa katika idara ya lugha za Kiafrika tangu mwaka 1983. Kwa zaidi ya miaka 40 vijana wa Kikorea wamekuwa wakisomea lugha yetu kwa shahada, na bila shaka baba zao waliuliza swali hilihili. Serikali mbili zikikutana mezani, upande wao una watu wanaosikia tunachonong'onezana. Wa kwetu wanaosikia chao ni wangapi?

Sasa njia. Ng'ombe wasiuzwe kwanza. Serikali ya Korea ina ufadhili wa masomo kwa wageni, ambao kwa shahada ya kwanza hulipia nauli ya ndege, ada na posho. Mwanafunzi husoma lugha mwaka mmoja, kisha huingia chuo kikuu kwa miaka minne, na kabla ya kuingia ni lazima afikie daraja la tatu kati ya sita katika mtihani wa taifa wa Kikorea. Hudaiwa wastani wa alama usiopungua asilimia 80, au nafasi katika sehemu ya juu ya darasa, na umri wa chini ya miaka 25.

Akitokea mtu mjini Tarime au Musoma akaahidi kumpeleka binti kufanya kazi kiwandani Korea kwa cheti cha lugha, baba amkatalie. Mpango wa vibali vya kazi za viwandani, ulioanza mwaka 2004, umekuwa wa nchi za Asia zilizotiliana saini na Korea, kama Nepal, Vietnam na Indonesia.

Maombi ya ufadhili wa shahada ya kwanza hufunguliwa kwa kawaida mwezi Septemba, kwa kupitia ubalozi wao ulioko Dar es Salaam au chuo chenyewe, lakini mwombaji huchagua njia moja tu. Herufi 24 za Hangul binti anaweza kuzimaliza nyumbani kabla ya hapo, kwa daftari moja na kalamu.