Filimbi ya Refa Ina Mwajiri



Mwezi wa Juni ukifika, vijana wetu wengi wa zamu ya asubuhi huingia getini na macho mekundu. Fainali za NBA, mpira wa kikapu wa kulipwa wa Marekani, huchezwa kule jioni, na huku kwetu ni usiku wa manane. Ubishi wanaokuja nao ni ule ule kila mwaka: refa anawaogopa wachezaji mashuhuri. Wazee wengine husema hayo ni maneno ya watoto. Sisi hatukubali. Hili ni suala la kazi.

Katika NBA, mchezaji akifikisha faulo sita hutolewa, wala harudi tena katika mchezo huo. Basi filimbi moja si jambo dogo. Refa akifumba macho kwa nyota, nyota anaendelea kucheza. Lakini yule mchezaji wa kawaida aliyepewa kazi ya kumzuia, akimgusa tu anapigiwa filimbi, naye anakwenda kukaa benchi. Dakika za uwanjani ndizo kipande chake. Mkataba ukiisha, tajiri wa timu hahesabu faulo zipi zilikuwa za haki.

Chukueni mchezo wa sita kati ya Los Angeles Lakers na Sacramento Kings, Mei 2002. Lakers walikuwa na Shaquille O'Neal na Kobe Bryant. Katika robo ya nne peke yake walipewa mitupo ya adhabu 27. Vlade Divac na Scott Pollard, wanaume wawili wa Sacramento waliokuwa wakimkabili O'Neal, wote walitolewa kwa faulo. Karibu na mwisho kiwiko cha Bryant kilimpiga Mike Bibby usoni, na filimbi haikulia. Lakers walishinda 106 kwa 102, wakashinda na mchezo wa saba, kisha wakachukua ubingwa.

Wapo wanaosema ni rushwa. Ni kweli kwamba refa Tim Donaghy alikiri makosa mahakamani mwaka 2007 kwa mambo ya kamari, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Alidai pia kwamba mchezo ule wa 2002 ulipangwa; ligi ilikanusha, naye mwenyewe hakuuchezesha. Sisi tunaona hadithi ya rushwa inawapumzisha wakubwa mapema mno. Mwizi mmoja akifungwa, kiwanda kinatangazwa kuwa safi.

Jambo tunalolisema halihitaji rushwa. Tikiti na televisheni huuzwa kwa jina la nyota. Refa ni mwajiriwa wa ligi, na ligi ni ya matajiri wa timu. Ligi ndiyo inayompima, na ndiyo inayoamua kama atapewa michezo ya mtoano au atakaa nyumbani. Nani amwandikie barua? Ninyi wa mashamba ya chai mnamjua karani wa mizani. Hakuna aliyemwagiza kilo za nani zikatwe kwa ajili ya maji na za nani ziachwe, lakini anamjua jamaa wa nyapara ni yupi.

Tuwe wa haki. Nyota huenda kikapuni mara nyingi, kwa hiyo hupigwa mara nyingi, na O'Neal alikuwa mtu ambaye wengi hawakuwa na njia ya kumzuia ila kumvamia. Tena nyota naye hudhulumiwa. Januari 2023, huko Boston, LeBron James alipigwa mkono wakati wa kutupa mpira wa mwisho, refa akanyamaza, na Lakers wakafungwa katika muda wa nyongeza. Chama cha marefa kilikiri hadharani kwamba wanachama wake walikosea. Ni mara ngapi mmemsikia mwajiri akifanya hivyo?

Tangu 2015 ligi hutoa taarifa ya makosa ya marefa katika dakika mbili za mwisho za michezo iliyokaribiana. Chama cha marefa kimeipinga, nasi tunaelewa uchungu wa kubandikwa makosa yako ukutani. Lakini kasoro kubwa tunayoiona sisi ni nyingine: faulo ya pili na ya tatu, zile zinazomwondoa mtu wa kawaida mapema, hazimo katika karatasi hiyo.

Na wasituambie haiwezekani kubadilika. Mwaka 2021 ligi iliagiza marefa wasiwazawadie tena washambuliaji wanaojirusha kwa makusudi mwilini mwa mlinzi ili wapewe faulo. Msimu ulipoanza, mitupo ya adhabu ya nyota kama James Harden ikapungua. Refa ni yule yule, macho ni yale yale. Amri ndiyo iliyokuja.

Wachezaji wa NBA wana chama tangu 1954, na mwaka 1964 walikataa kutoka chumba cha kubadilishia nguo, siku ya mchezo wa nyota, mpaka walipoahidiwa pensheni. Marefa nao waligoma mwaka 1977 katikati ya michezo ya mtoano. Vyama hivi viwili vikae meza moja vidai refa apimwe na kamati ambayo matajiri wa timu hawaishiki peke yao, na faulo zote zihesabiwe, kuanzia mpira wa kwanza unaporushwa. Vijana wetu wakibishana tena getini Juni ijayo, wabishane juu ya hilo.