Neno kwa Jamaa: Kumupa mugeni kiti si kumupa mimbara

Mwezi wa 12 umeingia. Mvua inanyesha, maembe yamejaa ku soko, na watoto wameanza kuuliza nguo za Noeli. Wakati huu jamaa kadhaa za Golf zimetuletea ulizo moja: "Pasta, wale vijana wawili wa shimizi nyeupe na karavati, wenye kibao cheusi cha jina ku kifua, wanapiga ku mulango wa lupango. Tuwafungulie, ao tumwambie sentinele awafukuze?"

Kwanza tujue ni akina nani. Ni wajumbe wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo watu wengi wanaita Wamormoni. Lilianzishwa Marekani mwaka 1830 na Joseph Smith. Inchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire lilipata ruhusa ya serikali, mwaka 1986, na tangu 2010 lina misioni yake hapa Lubumbashi. Lilichelewa kufika kwetu, na sababu moja ijulikane: mpaka mwezi wa 6 wa 1978 halikukubali mwanaume mweusi apewe ukuhani. Leo wengi wa vijana unaowaona katika barabara zetu ni Waafrika kama sisi.

Kazi yao iko hivi. Kijana mwanaume anaweza kutumwa tangu miaka 18. Mbele ya 2012 ilikuwa miaka 19. Anatumika miaka 2. Hachagui inchi: anapokea barua, anafunga valizi, anakwenda. Halipwi mushahara. Yeye mwenyewe, wazazi wake ao waamini wengine wanatoa feza ya kumutunza. Anatembea siku zote na mwenzake. Wanamuita "Elder", maana yake Muzee. Muzee wa miaka 19! Tunaweza kucheka kidogo, lakini tukumbuke kwamba kuko mama fulani mbali anayemuhesabia siku huyu muzee.

Na Noeli njo siku ngumu kwake. Haendi nyumbani kwa sikukuu. Mpaka mwanzo wa 2019, sheria yao ilikuwa kwamba kijana anazungumza na wazazi ku telefone mara 2 tu kwa mwaka: Noeli na Sikukuu ya Wamama. Siku zingine ni kuandika tu. Tangu mwezi wa 2 wa 2019 wanaruhusiwa kuzungumza na jamaa kila juma. Telefone inasaidia, lakini haileti harufu ya kuku wa mama ku jiko. Kijana aliyelelewa katika jamaa ya watu kumi, siku ile anapita mbele ya nyumba za wengine, anasikia watu wanacheka ndani, naye iko inje na mvua.

Ndugu wengine wanatuonyesha waraka wa pili wa Yohana, mustari wa 10. Wanasema mutume amekataza kupokea nyumbani mutu mwenye fundisho lingine. Tusiruke neno lile, lakini tulisome pamoja na mustari wa 7. Yohana alionya juu ya walimu waliokana kwamba Yesu Kristo alikuja katika mwili. Na siku zile kanisa lilikusanyika katika nyumba za watu. Kumupokea mwalimu nyumbani ilikuwa kumupa kundi afundishe, na kumutuma na baraka ya kanisa. Njo maana ninasema: kumupa mugeni kiti si kumupa mimbara. Mimbara tunaichunga. Sisi tuna Biblia, na Kitabu cha Mormoni hatukipokei kama Neno la Mungu. Tuseme vile wazi, bila haya. Lakini kiti na kopo ya maji ni deni letu kwa kila mutu anayepita. Soma Waebrania 13, mustari wa 2.

Tukumbuke pia namna Injili ilivyofika Katanga. Mwezi wa 2 wa 1886 Frederick Stanley Arnot, mutu wa Scotland mwenye miaka 27, aliingia Bunkeya kwa mwami Msiri. Msiri hakuwa mutu mwepesi. Yeye mwenyewe alitoka mbali, Unyamwezi, katika inchi inayoitwa leo Tanzania. Hakukubali fundisho la Arnot. Hata hivyo alimupa fasi ya kujenga. Nyuma yake akaja Dan Crawford, aliyeacha Scotland mwaka 1889 akiwa na miaka 18. Noeli yake ya pili katika eneo hili, ya mwaka 1891, ilikuwa ya machozi: tarehe 20 ya mwezi wa 12 Msiri aliuawa na watu wa msafara wa kapiteni Stairs, na njaa ilikuwa kali. Crawford alikaa miaka 22 bila kurudi kwao. Sisi Waprotestanti wa Katanga ni watoto wa vijana wageni waliofunguliwa mulango na mutu ambaye hakuamini maneno yao. Itakuwa ajabu sisi tukishindwa kufanya hata vile Msiri alivyofanya.

Mama mumoja wa Golf ametuletea jambo gumu zaidi. Mutoto wake aliingia kanisa lile, na sasa ametumwa inchi ingine. Baba akakata neno: siku ya Noeli jina lake lisitajwe ku meza. Mama anauliza: "Akipiga telefone siku ile, nijibu, ao niache ilie?"

Mama, jibu. Muulize kama amekula, kama viatu vyake bado vizima, kama anapata usingizi. Wape wadogo zake telefone wamusalimie. Usimalize dakika zile kwa mabishano. Na wewe Baba, chukua telefone. Hukubali fundisho lake. Hata mimi silikubali. Utamwambia siku ingine, kwa upole, na Biblia mukononi. Lakini mutoto ambaye jina lake limeondolewa ku meza, miaka 2 ikiisha, atarudi kwa nani? Yule baba wa Luka 15 alimuona mutoto angali mbali. Anayeona mbali vile ni mutu aliyezoea kuangalia barabara.

Sasa tuje kwa mambo ya kufanya wakipiga ku mulango:

1. Mwambie sentinele awasalimie kwa heshima. Mbwa afungwe.

2. Wape kiti, maji, juu ya embe. Kumbuka, sheria yao inakataza pombe, kahawa na majani ya chai. Ukiwaletea kahawa hawatakunywa, usione ni zarau.

3. Kama kuko binti peke yake ku nyumba, wasiingie. Hata sheria yao haiwaruhusu kubaki peke yao na mwanamuke. Warudi siku wazazi wako.

4. Sema kweli: "Sisi ni wa kanisa letu, masomo yenu hatutafuata." Usiwape rendez-vous ya uongo kisha ujifiche ndani.

5. Kijana wako akitaka kuuliza maulizo, keti naye. Akikuuliza nawe ukakosa jibu, mutafute pamoja katika Neno, ao mukuje kwetu.

6. Mbele waende, uliza jina la mama yake kila mumoja, na siku ya Noeli mukumbuke wale wamama katika maombi.

Wazazi, wengi wetu tuna watoto mbali: wengine wanasoma Afrika ya Kusini, wengine wanatafuta kazi Zambia, wengine hata India na China. Usiku wa Noeli tunaomba mutu awafungulie, na hatuulizi kama mutu yule ni wa kanisa letu. Basi ule mulango tunaouomba kule kwa watoto wetu, Mungu anatuuliza ufunguo wake hapa Golf.

Maulizo ya kuzungumza pamoja jamaa:
– Nani ku nyumba yetu jina lake halitajwi tena? Nani atampigia telefone mbele ya Noeli?
– Vijana: kanisa letu likiomba miaka 2 ya maisha yako, utajibu nini?
– Wazazi: na ninyi, mutamuachilia aende?

Noeli njema na Bonane ya baraka kwa wote.