Kufuli la Amazon Halitoshi

Mwandishi mwenzangu anadai kuandika mipangilio ya hifadhi ya wingu kwa msimbo ni mbwembwe tupu, kwani tangu Aprili 2023 Amazon S3 hufungia umma hifadhi zote mpya. Mpya, ndugu yangu! Zilizokuwapo kabla hazikuguswa. Na hata hiyo mpya, mwenye ruhusa huifungua kwa kubofya mara chache tu, wenzake wasijue. Badiliko likiandikwa kwenye msimbo, mwenzake hulikagua kabla halijaanza kazi. Likipitishwa mlango wa uani, Terraform, zana inayotekeleza msimbo huo, ikiendeshwa tena huonyesha tofauti na kilichoandikwa. Mwandishi huyo angeukosoa msimbo wenyewe ningemsikiliza: kinga hiyo ya kufungia umma ina vipengele vinne, na usipokitaja kimojawapo, Terraform hukihesabu kimezimwa.